Sura ya Nne: Kipanya Kilichoogopa Wakubwa

Mhasiriwa alikuwa amelala kifudifudi juu ya meza ya ofisi, bila jeraha, bila waya.

Zeituni alimtazama kutoka mlangoni. Alikuwa kidato cha tatu, mwenyekiti wa Chama cha Kompyuta cha Shule ya Upili ya Got Olwenda, na alikuwa amepewa muda wa kutoka chakula cha mchana hadi kengele ya paredi ya jioni. Kengele ikishalia, Joram angebeba sanduku lake hadi barabarani kusubiri basi la Kisumu, na kesi ingefungwa kwa njia ambayo shule hupenda kufunga kesi zake, yaani kwa kumfukuza aliyesimama karibu.

Ukweli wote uliojulikana hadi Jumamosi hiyo ungetosha kuandikwa kwenye kiganja. Shule ilikuwa na kompyuta moja, zawadi ya mwanafunzi wa zamani aliyepata kazi nzuri Nairobi. Kompyuta ilikuja na kipanya kisicho na waya, kitu ambacho mwaka huo wa 1997 hata watu wa mjini Kisumu walikuwa wakikisikia tu. Ndani yake kulikuwa na betri mbili ndogo. Kilirusha mwanga usioonekana kwa macho hadi kwenye kisanduku cheusi kilichokaa juu ya skrini, nacho kisanduku hicho, kipokezi, ndicho kilichoiambia kompyuta mkono umeelekea wapi. Sogeza kipanya, mshale unasogea. Ndiyo iliyokuwa fahari ya Got Olwenda. Kila mgeni aliletwa kukiona kabla hajaonyeshwa hata choo.

Na mara tatu, mbele ya wageni, mshale uligoma. Mara ya kwanza alikuwapo mkaguzi wa shule kutoka Bondo. Mara ya pili diwani. Mara ya tatu, Alhamisi, alikuwapo Mwenyekiti wa Bodi mwenyewe, aliyekuja kuamua kama shule ijengewe chumba cha kompyuta. Mara zote tatu mkono uliokuwa juu ya kipanya ulikuwa wa Joram wa kidato cha nne.

"Unaangalia nini?" aliuliza Bw. Wakhisi nyuma yake.

Bw. Wakhisi alikuwa naibu wa mwalimu mkuu. Alitembea bila viatu vyake kutoa sauti, kipaji ambacho wanafunzi walikiona ni dhuluma.

"Mahali pa tukio, Mwalimu."

"Tukio liko nje, limekalia sanduku chini ya bendera."

"Fundi alisema nini jana?"

"Fundi ametoka Kisumu kwa gharama ya shule, akakaa kwenye kiti hicho hadi chai ikapoa. Kipanya kilikimbia kama sungura. Akasema kifaa ni kizima."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kifaa kizima, mtu mbovu. Hiyo ni hesabu ya kutoa, Zeituni."

"Lakini anakizimaje akiwa amekishika mbele ya watu wote?"

Bw. Wakhisi alifikiri. "Huyo mvulana aliivisha koti langu sanamu ya kufukuzia ndege kule shambani, na kidato cha kwanza wakaiamkia wiki nzima. Sihitaji kujua anafanyaje mambo. Na Alhamisi alicheka. Mwenyekiti wa Bodi ameinama mbele ya skrini, mshale umekufa, Joram anacheka. Nilimwona."

"Mwalimu, mitihani ya majaribio inaanza Jumatatu. Akienda nyumbani wiki mbili ataikosa, na asiyeifanya haruhusiwi kufanya mtihani wa taifa."

"Kanuni hiyo niliitunga mimi."

"Mama yake anauza mitumba soko la Kibuye, Kisumu. Amesema hana mwaka mwingine wa karo."

Naibu alitazama dirishani. Kule chini ziwa lilikuwa kijani kama uwanja wa mpira. Magugu maji yalikuwa yamelifunika hadi mahali jicho linapochoka. "Wewe ulisema mlangoni pa ofisi ya walimu, kwa sauti, kwamba nimekosea," alisema. "Basi nionyeshe. Hadi paredi."

Akaondoka, tena bila sauti.

Mama Beldina, katibu wa shule, aliingia na chupa ya chai akamkuta Zeituni bado amesimama. Alikuwa mama mnene, mtaratibu, mwenye desturi ya kumwita kila mtu nyathina, mwanangu, pamoja na mwalimu mkuu.

"Nyathina, mbona husomi? Ama ni hii maneno ya Joram?"

"Ni hiyo, Mama. Naomba kuiangalia mashine."

"Ngoja kwanza." Mama Beldina alizunguka meza. Aliondoa bakuli la pini, kikombe, kitambaa, kalenda, na rundo la faili, kisha akapangusa kiti kwa khanga yake. "Mtu akija kufanya kazi lazima apewe nafasi. Hata ule fundi nilimpangia hivi hivi. Haya, kaa."

Zeituni aliketi, akaiwasha mashine, akaweka mkono juu ya mhasiriwa.

Mshale ulitembea. Ulikwenda kushoto, ukarudi kulia, ukapanda hadi pembeni na kushuka. Alikigeuza kipanya, akatoa kigololo chake cha mpira, akakipuliza vumbi na kukirudisha. Mshale ulitembea. Akavuta pazia jua likaingia moja kwa moja kwenye skrini, kwani alishawaza kwamba pengine jua hukipofusha kipokezi. Mshale ulitembea. Akasogeza kiti nyuma hadi ukutani na kuendesha kipanya juu ya goti lake. Ulisitasita kidogo, ukatembea. Akaukagua waya wa kipokezi hadi ulipochomekwa nyuma ya mashine. Ulikuwa umekazwa.

"Unaona?" alisema Mama Beldina kwa huruma. "Hakuna kitu inauma hapo."

Hilo ndilo lililomkera. Mgonjwa anayepona kila daktari anapoingia hawezi kutibiwa. Zeituni alizima mashine, akatoka nje kwa hatua za haraka, na hakugundua kwamba alikuwa ameacha chai aliyomiminiwa.

Joram alikuwa chini ya mlingoti wa bendera, amekalia sanduku la bati lenye jina lake, miguu imenyooshwa kama mtalii. Sare yake ilikuwa safi kupita kawaida. Hiyo peke yake ilionyesha kuwa mambo ni mazito.

"Inspekta," alisema. "Umekuja kunifunga pingu?"

"Nimekuja kukuuliza maswali. Ulifanya?"

"Hapana."

"Joram."

"Sikiliza, koti nilifanya. Kengele ya saa kumi usiku nilifanya. Ile mbuzi iliyofika darasa la dini, mimi. Niliulizwa nikakubali, nikafyeka nyasi kwa adhabu. Hii sikufanya, na ndiyo hii nafukuziwa."

"Kwa nini ni wewe tu unashika kipanya wageni wakija?"

"Kwa sababu mimi ndiye najua kuchora. Mwalimu mkuu alisema nichore samaki. Mgeni anaona samaki, anafurahi, anaenda kula."

"Mkaguzi alipokuja ilikuwaje?"

Joram alikuna kichwa. "Nilichora samaki, lakini mshale ulikuwa unakwama kisha unaruka. Samaki akawa na mkia mbili. Mkaguzi hakujali, alidhani ni aina."

"Diwani?"

"Ya diwani ilikuwa mbaya zaidi. Nilipata kichwa tu. Kila nikienda kidogo, kimya, halafu kidogo tena."

"Na Mwenyekiti?"

"Hata nukta. Imekufa kabisa."

"Ukacheka."

"Zeituni, ungekuwa pale. Mzee mzima wa Bodi aliinamia skrini akaiambia, 'Endelea tu, usiogope.' Kama anaongea na mtoto anayekariri shairi. Nilijiuma ulimi, nikashindwa."

"Sisi wenyewe tukiwa kwenye chama, wewe na mimi, inakuwaje?"

"Inakwama kidogo siku zingine. Si mbaya." Aliangalia mnara wa kengele kisha akaangalia pembeni haraka. "Kama hutapata kitu, niambie mapema. Nataka nimfikie mama yangu kabla hajafunga duka, nimwambie mwenyewe."

"Nani mwingine ana ufunguo wa ile ofisi?"

"Oduor. Yeye ni kapteni wa shule, anafungua dirisha asubuhi." Joram alisita. "Lakini usimsumbue. Tangu Alhamisi amekuwa akiniletea mkate wake."

Katika upelelezi, mtu anayegawa mkate bila kuombwa huenda ana jambo. Zeituni alimpata Oduor nyuma ya jikoni, ameegemea tangi la maji na redio ndogo sikioni. Alikuwa kijana mrefu, golikipa wa shule, mwenye uso usioweza kuficha kitu chochote kikubwa kuliko sindano.

"Habari ya mpira?" aliuliza Zeituni.

"Mzuri."

"Redio yako ina betri za nani?"

Oduor aliishusha redio polepole. "Hizi ni zangu. Nilinunua jana."

"Sijauliza za leo. Jumatano usiku kulikuwa na mechi."

Oduor alingoja mpishi amwage maji machafu karibu nao na kupita.

"Nilizikopa tu," alisema Oduor. "Za kipanya. Nilisikiliza hadi kipindi cha pili, zikaanza kulegea. Alhamisi asubuhi nikazianika juu ya mabati ya jikoni zipate nguvu, halafu nikarudisha kabla ya wageni. Nilidhani zimepona."

"Kwa hiyo unajua ni nani aliyeua kipanya."

"Ni mimi, nadhani."

"Na umemwacha mwenzako akae kwenye sanduku."

"Nilikuwa naenda kusema."

"Lini?"

"Baada ya paredi."

Zeituni alikuwa na mtu, ufunguo, betri na ungamo, mambo ambayo wapelelezi wazima huyatafuta maisha yao yote. Alimshika Oduor kwa mkono wa shati na kuanza kumvuta kuelekea ofisini. Walifika nusu ya uwanja, mbele ya vitalu vya maua, akasimama ghafla hivi kwamba golikipa alimpita.

"Umezibadilisha tena tangu Alhamisi?"

"Hapana. Naogopa hata kupita karibu."

"Umezianika tena?"

"Hapana."

"Ni betri zipi ziko ndani sasa hivi?"

"Ni zile zile."

Zeituni aliuachia mkono wa shati. Betri zile zile zilikuwamo Alhamisi, mshale ukafa. Zilikuwamo jana, fundi akaona sungura. Zilikuwamo leo, zimekaa siku mbili bila kuonjeshwa jua, na mshale ulitembea hata alipokaa ukutani. Betri iliyochoka haifi kwa Mwenyekiti ikafufuka kwa fundi. Isitoshe, siku ya mkaguzi na siku ya diwani hakukuwa na mechi.

"Nenda kacheze mpira," alisema kwa uchungu.

"Kwani si mimi?"

"Si wewe. Na rudisha heshima ya Joram kwa kitu kingine, si mkate."

Oduor aliondoka akiwa mwepesi kwa namna isiyopendeza kutazama. Zeituni alibaki uwanjani, akaanza kutembea huku na huko. Vivuli vya madarasa vilikuwa vimeanza kurefuka juu ya nyasi. Alitembea kandokando ya njia ya magari, akageuka langoni, akarudi. Mawe ya pembeni mwa njia yalikuwa meupe, chokaa bado mpya. Yalipakwa Jumatano. Alipofika la tano hivi, alisimama.

Mawe ya Got Olwenda hayapakwi chokaa kwa ajili ya wanafunzi. Yanapakwa kwa ajili ya wageni. Alipokuja mkaguzi yalipanguswa tu kwa ufagio. Alipokuja diwani yalipakwa yale ya langoni. Alipokuja Mwenyekiti yalipakwa yote, hadi yale ya nyuma ya choo ambako Mwenyekiti hakutarajiwa. Wali pia ulifuata utaratibu huo: kwa mkaguzi ulikuwa na maharage, kwa diwani maharage mazuri, kwa Mwenyekiti nyama.

Na mshale vilevile. Kwa mkaguzi ulikwama. Kwa diwani ulikwama zaidi. Kwa Mwenyekiti ulikufa. Kwa fundi, ambaye hakupakiwa jiwe hata moja, ulikimbia. Kwa kadiri mgeni alivyokuwa mkubwa ndivyo kipanya kilivyougua, na kwa sababu hiyo naibu alikuwa na haki ya kudhani kuna mtu anayechagua nani wa kumwaibisha. Lakini kulikuwa na jambo jingine shuleni lililopanda na kushuka kwa cheo cha mgeni, na halikuwa Joram. Lilikuwa ni maandalizi.

Alirudi ofisini akikimbia. Mama Beldina alikuwa amekwisha kurudisha vitu vyake mezani, akipiga chapa barua kwenye taipureta.

"Mama, wageni wakija, wewe unafanya nini humu ndani?"

"Mimi? Napika chai."

"Kabla ya chai."

"Nafagia. Napiga dirisha maji. Maua naweka, kama iko." Mama Beldina alihesabu kwa vidole, akianza kufurahia. Haikuwa kawaida mtu kumuuliza kuhusu kazi hiyo. "Kiti ya mgeni naipa mto. Halafu natoa vitambaa za wageni."

"Vitambaa vya wageni ni vipi?"

"Si hizi." Aligusa kile kilichofunika simu, kilichofumwa kwa uzi mweupe uliokwisha kuwa wa rangi ya chai. "Hizi ni za kila siku. Za wageni ziko kwa droo. Iko za mtu kama mkaguzi, iko za diwani, na iko za wakubwa kabisa."

Zeituni alitazama chumba kile kana kwamba kimejengwa saa hiyo. Simu ilikuwa imevaa kitambaa. Mgongo wa kiti ulikuwa umevaa kitambaa. Redio, kabati la faili, chupa ya chai, vyote vilikuwa vimevaa. Kwao Kisumu, mtaa wa Kaloleni, ilikuwa hivyo hivyo. Televisheni ya mjomba wake Obeid ilivaa vizuri kuliko mjomba. Hakuna mtu katika mkoa mzima ambaye angeingia ofisini na kuona kitambaa, kama ambavyo hakuna anayeingia ndani ya nyumba na kuona ukuta. Na juu ya skrini, palipokuwa tupu wakati yeye na fundi wakifanya kazi, sasa kitambaa cha kila siku kilikuwa kimerudi, chenye mashimo makubwa kama wavu wa samaki, kimeteremka mbele kwa adabu.

Chini yake, mahali fulani, kulikuwa na kipokezi.

"Mama," alisema taratibu, "naomba uandae ofisi. Kama Alhamisi. Kama Mwenyekiti mwenyewe anakuja."

"Kwani anakuja?"

"Atawakilishwa."

Bw. Wakhisi hakupenda kuwa Mwenyekiti wa Bodi. Alisema ana paredi ya kuandaa, na kwamba shule si ukumbi wa maigizo. Lakini alikuwa ametoa ahadi, na alikuja, na nyuma yake alikuja Joram, ambaye Zeituni alimwomba aache sanduku nje. Walipofika mlangoni Mama Beldina aliwazuia kwa mkono.

"Kama ni Mwenyekiti, angoje nje. Bado sijamaliza."

"Mama Beldina, ni mimi."

"Naona ni wewe. Ngoja nje."

Naibu wa mwalimu mkuu alingoja nje. Joram alitazama viatu vyake kwa bidii kubwa.

Walipoitwa waliingia kwenye chumba kilichong'aa. Mto ulikuwa kitini. Maua ya njano yalikuwa kwenye kopo. Juu ya skrini kulikuwa na kitambaa ambacho kila aliyekuwapo alikuwa amekiona Alhamisi bila kukiona: cheupe pe, kizito, ua kubwa la uzi uliofumwa mara mbili katikati, vishada pembeni vikining'inia mbele. Chini yake kulikuwa na kingine cha pamba, ili cha juu kisiteleze.

"Mwalimu," alisema Zeituni, "tafadhali shika kipanya wewe mwenyewe."

"Mimi?"

"Ili tujue mkono ni wa nani."

Bw. Wakhisi aliketi juu ya mto. Alikishika kipanya kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu kilichookotwa, akakisogeza.

Mshale haukusogea.

Alikisogeza tena, kwa nguvu zaidi. Akakiinua, akakigonga mezani, akakisogeza kwa duara. Katikati ya skrini mshale ulisimama tuli.

"Hata wewe, Mwalimu," alisema Joram kwa sauti ya masikitiko.

"Nyamaza, Joram," alisema Zeituni. "Mwalimu, usiache kusogeza." Kwa kidole kimoja aliinua upindo wa vitambaa viwili, si zaidi ya upana wa kidole hicho. Mshale uliruka, ukafuata mkono wa naibu hadi pembeni. Akaushusha upindo. Mshale ukaganda. Akauinua, ukaenda. Akaushusha, ukaganda.

"Kipanya kinarusha mwanga," alisema. "Kile kisanduku lazima kiuone. Kitambaa cha kila siku kina mashimo, kwa hiyo mwanga unapenya na kukosa, unapenya na kukosa. Cha mkaguzi kina mashimo machache zaidi, cha diwani machache kuliko hayo. Hiki hakina. Na kila mtu akija kutengeneza, Mama Beldina anaondoa kila kitu ili apate nafasi, kwa heshima. Kwa hiyo fundi aliona mashine tupu. Mwenyekiti akaona mashine iliyovaa."

Bw. Wakhisi aliondoa mkono wake mezani na kuuweka gotini. Yeye alikuwapo Alhamisi. Alikuwa amesimama karibu na kitambaa kile kuliko mtu yeyote, na kama angenyoosha mkono angekigusa. Lakini nani anamvua mwenyeji kitambaa mbele ya wageni?

Mama Beldina alikaa polepole kwenye kiti chake cha taipureta.

"Hiyo nilifuma mwezi mzima," alisema. "Nikasema Mwenyekiti asikute mashine yetu iko uchi." Alitazama vishada. "Na huyu mtoto amekaa juu ya sanduku siku mbili. Kwa sababu ya mkono yangu."

"Hukujua, Mama," alisema Zeituni.

"Nitasimama paredi niseme mwenyewe."

"Hapana," alisema Joram.

Wote walimgeukia. Uso wake ulikuwa hauna mzaha, jambo lililowatisha kidogo.

"Mama, wewe hujui paredi. Wanafunzi mia sita. Kabla ya chakula utakuwa na jina, na hilo jina litakaa hapa hata baada ya wewe kustaafu. Mimi ndiye ninayetunga majina katika shule hii, kwa hiyo najua. Tayari nimelifikiria moja, ni zuri sana." Alikitazama kile kitambaa. "Silitaki."

"Lakini wewe uliitwa mbele ya paredi ukaambiwa ni mhalifu," alisema Zeituni. "Lazima usafishwe mbele ya paredi. Vinginevyo kila kitu kikipotea ni wewe."

"Najua."

"Kwa hiyo mimi niseme nini?" aliuliza Bw. Wakhisi. Hakuna aliyewahi kumsikia akiuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake mfukoni.

Joram alitazama dari. "Sema si mimi. Wakiuliza ni nani, sema hujui."

"Mimi? Niseme sijui?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Naibu alimtazama mvulana, akamtazama Mama Beldina, ambaye alikuwa amechukua kile kitambaa cha vishada na kukikunja juu ya mapaja yake mara mbili, mara nne, hadi kikawa kidogo. Nje mtu alikuwa ameanza kupiga kengele.

"Rudisha sanduku bwenini," alisema Bw. Wakhisi. "Jumatatu una Hisabati."

Paredi ilipangwa kwa mistari, wavulana upande wa ziwa, wasichana upande wa jikoni. Bw. Wakhisi alipanda kwenye jukwaa. Alitangaza habari ya usafi, akatangaza habari ya soksi, na mstari wa kidato cha nne ukaanza kunong'ona kwa sababu Joram alikuwa amesimama ndani yake na si mbele.

"Jambo la tatu," alisema naibu. "Kuhusu kipanya. Joram hakufanya. Niliposema ni yeye, nilikosea."

Mnong'ono ulikatika.

"Mwalimu, sasa ni nani?" aliuliza mtu kutoka nyuma, sauti ambayo siku nyingine ingemgharimu.

Bw. Wakhisi alishika ukingo wa jukwaa. "Sijui," alisema, na akashuka.

Hakuna aliyecheka. Wanafunzi mia sita walimtazama naibu akivuka uwanja, safari hii viatu vyake vikisikika kwenye changarawe, kisha wote kwa pamoja wakageuka kumtazama Joram. Zeituni, aliyekuwa mstari wa tatu wa wasichana, aliliona jambo likitokea katika nyuso zao, na hakuwa na njia ya kulizuia. Walikuwa wameamini kwamba alifanya. Sasa waliamini kwamba alifanya, na kwamba amemshinda Wakhisi.

Kesi yake ya kwanza iliyotatuliwa kikamilifu, yenye ushahidi, jaribio na mashahidi watatu, ingebaki daima katika kumbukumbu za Got Olwenda kama kesi ambayo haikutatuliwa.

Mistari ilipovunjika, mvulana wa kidato cha kwanza alijipenyeza hadi kwa Joram, akamtazama juu kwa heshima kubwa.

"Ulifanyaje?" alinong'ona.

"Sikufanya kitu," alisema Joram. Ilikuwa kweli tupu. Mvulana alitikisa kichwa, akitabasamu kama mtu aliyekabidhiwa siri, na Joram akamwacha atabasamu, akaenda zake kutafuta daftari la Hisabati.